Sanduku la Mwalimu: Mlinzi wa geti ndiye mpiga kengele

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Mwezi huu sanduku limejaa telomea. Sijui ni upepo gani umezileta, ila nahisi ni ule ule uliompeleka muuza unga Kibaigwa, kama mtakavyosoma. Nimechagua barua nne na kijikaratasi kimoja. Za kuku wanaokula mayai yao zitangoja toleo lijalo.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa. Mwezi uliopita tuliitwa kwenye semina, tukapewa soda, tukaelezwa kwamba mtu anazeeka kwa sababu telomea zake zinafupika, na kwamba upo unga unaozirefusha. Kopo la mwezi mmoja ni shilingi 180,000. Nilinunua mawili, langu na la mama yangu mwenye miaka 74. Mama aliambiwa akishaanza unga aache vidonge vya presha ili "visigombane", naye ameacha. Mume wangu anasema nimeibiwa. Telomea ni nini hasa, na je, nimeibiwa? Picha ya kopo nimeituma. — Mama wa Mizani, Kibaigwa*

Marahaba, mama. Kabla ya yote: mama yako arudie vidonge vyake leo hii, na kesho asubuhi umpeleke kliniki akapimwe presha. Mengine yote ninayoandika hapa yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Sasa tukae. Aliyekuuzia amefanya kile unachokijua wewe kuliko mimi: juu ya gunia kaweka mahindi safi, chini kajaza yaliyobunguliwa. Tuanze na yale safi.

Ukinunua doti ya khanga dukani, vipande viwili bado vimeungana. Ukishavikata, ule ukingo uliokatwa unaanza kutoa nyuzi, na ukiuacha hivyo hivyo, baada ya kufua mara kumi khanga imeliwa. Ndiyo maana tunapita kwa fundi barazani apinde. Anakunja ukingo, anaukunja tena ili nyuzi chakavu zijifiche ndani, halafu anapitisha cherehani.

Ndani ya seli zako DNA, yaani maagizo ya mwili yaliyoandikwa kwa herufi za kemikali, imefungwa katika kromosomu 46. Kila moja ni uzi wenye ncha mbili, kwa hiyo una ncha 92, na ncha hizo ndizo zinazoitwa telomea. Hazina maagizo ya rangi ya macho wala ya urefu wa pua. Zina herufi sita tu, TTAGGG, zinazorudiwa zaidi ya mara elfu moja. Mtoto anazaliwa na takribani herufi 10,000 kwenye kila ncha. Seli inapojigawa, mtambo unaonakili DNA hauwezi kufika ukingoni kabisa, kwa hiyo kila mara unapotea ukingo wa herufi kati ya 50 na 200. Mwaka 1961 Leonard Hayflick, Marekani, alionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa kwenye chupa hujigawa mara 40 hadi 60, kisha husimama. Hapo muuzaji hakukudanganya.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa mahindi, hili litakufurahisha. Mmoja wa waliogundua kwamba ncha hizi si kitu cha kawaida alikuwa Barbara McClintock, naye aliliona jambo hilo kwenye mahindi. Katika miaka ya 1930 alitazama kromosomu za mahindi kwa hadubini akaona kwamba kromosomu ikivunjika, mahali palipovunjika hunata kwenye mvunjiko mwingine, lakini ncha ya asili hainati popote. Hermann Muller aliona jambo hilo hilo kwenye nzi wa matunda, na mwaka 1938 akaipa ncha jina la telomea.

Kwa nini ncha ya asili hainati? Kwa sababu imepindwa. Mwaka 1999 picha za hadubini ya elektroni zilionyesha kwamba ncha ya DNA hujikunja, ikarudi nyuma na kuchomekwa ndani ya uzi wenyewe, kama fundi anavyofanya na khanga yako. Wanaoshona ni protini sita: TRF1, TRF2, POT1, TPP1, TIN2 na RAP1. Mwaka 2005 Titia de Lange wa New York alizipa zote kwa pamoja jina la shelterini. Seli ina mafundi wa dharura wanaozunguka usiku na mchana kutafuta DNA iliyokatika ili waiunge. Wakikuta ukingo haujapindwa watadhani ni jeraha. Watafiti walipoizuia TRF2 isifanye kazi kwenye seli za maabara, kromosomu ziliungana ncha kwa ncha kama foleni ya treni. Seli ya namna hiyo haifiki mbali.

Sasa mahindi ya chini ya gunia. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali ndani ya seli, kinachorefusha telomea kipo kweli. Kinaitwa telomerasi, na kiligunduliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1984 na Carol Greider, aliyekuwa mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, ndani ya kidudu cha seli moja kinachoishi kwenye madimbwi. Mwaka 2009 wote wawili, pamoja na Jack Szostak, walipata Tuzo ya Nobeli. Lakini katika seli nyingi za mwili wako telomerasi imezimwa, na imezimwa kwa makusudi. Nani anaiwasha? Saratani. Kati ya asilimia 85 na 90 ya saratani za binadamu zimeiwasha, ndiyo maana hazichoki kujigawa. Na watu wanaorithi telomea ndefu kupita kawaida wana hatari kubwa zaidi ya kupata aina kadhaa za saratani. Kwa hiyo unga ambao kweli ungerefusha telomea katika kila seli ya mama yako, mimi nisingemnunulia hata kwa shilingi mia.

Ila huo hauwezi. Nimelisoma kopo kwenye picha yako kwa miwani miwili: unga wa soya, vitamini C, ladha na rangi. Soya ni chakula kizuri sana. Hapa soko la Majengo wanaipima kwa kopo na hawaiti semina.

Mwambie mumeo yuko sahihi, ila mwambie jioni, akishakula.

*

*Shikamoo Mwalimu wangu. Sijui kama utanikumbuka. Ulinifundisha baiolojia, kidato cha sita, mwaka 1996. Ulituandikisha ubaoni "jeni moja, kimeng'enya kimoja", na aliyeikosea kwenye mtihani alifagia bwalo wiki nzima. Mimi nilifagia. Sasa ni muuguzi Singida. Juzi kwenye mafunzo kazini mkufunzi alisema kwamba protini za telomea zinafanya kazi hata mbali na telomea, kwenye mitokondria na mpaka kwenye unene wa mwili. Nikakumbuka ufagio wako. Nani yuko sahihi? — Muuguzi, Singida*

Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka, na bwalo nalikumbuka. Mkufunzi wako yuko sahihi, nami nakuomba radhi kwa wiki ile, ingawa sina uhakika kama ulikosea swali au ulichelewa foleni ya uji.

Kauli ile, kwamba kila jeni (agizo moja kwenye DNA) ina kimeng'enya chake kimoja na kazi moja, haikuwa yangu. George Beadle na Edward Tatum waliifikia mwaka 1941 kwa kuchunguza ukungu wa mkate, na kwa wakati wake ilikuwa taa kubwa. Kosa langu lilikuwa kuifundisha kana kwamba ni sheria ya Musa.

Nikueleze kwa mtu unayemjua. Unamkumbuka babu wa getini, mwenye fimbo na redio ya betri? Kwenye karatasi ya mishahara aliandikwa "Mlinzi", basi. Ninyi mlikuwa mmeshaondoka mwaka alioumwa, akarudi kwao Mvumi kwa wiki tatu. Tukajua geti litavamiwa. Halikuvamiwa. Hata paka hakuingia. Lakini Jumatatu kengele ya saa kumi na moja alfajiri haikulia, wasichana wakalala hadi jua limepanda. Jumanne tangi likakauka, kumbe ndiye aliyekuwa akiwasha pampu ya kisima. Alhamisi mbuzi wa jirani wakamaliza bustani ya mchicha. Mkuu wa shule alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Kwani huyu mzee alikuwa anafanya nini hapa?" Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu cheo chake kilitutosha.

Maabara hufanya hivyo hivyo kwa protini: humpa likizo mmoja, kisha hutazama nini kimesimama. Sasa mchukue RAP1. Katika lile kundi la sita, ndiye anayeonekana mvivu. Kwa binadamu haishiki DNA ya telomea moja kwa moja. Inaning'inia kwenye TRF2. Mwaka 2010 panya waliozaliwa bila RAP1 walichunguzwa, na ncha za kromosomu zao hazikuungana. Geti halikuvamiwa. Mwaka 2013 watafiti kadhaa, wakiwemo wa maabara ya María Blasco huko Madrid, wakatoa taarifa kwamba panya hao wananenepa, mafuta yanajaa tumboni na kwenye ini, na sukari ya damu inaanza kuwasumbua. Kumbe RAP1 hukaa pia mahali pengine kwenye kromosomu, mbali na ncha, ikisaidia kuongoza jeni za kutumia mafuta mwilini. Na tena mwaka 2010 ilionekana nje kabisa ya kiini cha seli, imeshikana na protini zinazoiamsha NF-kB. Wewe muuguzi unaijua: ndiyo kengele ya uvimbe na kinga. Kwa hiyo mlinzi wetu alikuwa pia mpiga kengele, sawa na yule babu.

Linalonichekesha ni kwamba kama tungeanza na hamira, tusingeshangaa. Hamira ile ile ya mandazi ina RAP1 yake, na huko iligunduliwa kwanza kama protini inayowasha jeni fulani na kuzima nyingine. Hata herufi za jina lake zinasema hivyo: kwa Kiingereza R ni ya kuzima (repressor), A ni ya kuwasha (activator). Ndani ya hamira inasimamia mamia ya jeni, zikiwemo za kujenga ribosomu (viwanda vya protini vya seli), na pia inakaa kwenye telomea. Kwa hiyo kuuliza kwa nini protini ya telomea inahangaika na mafuta ni kuuliza swali kichwa chini miguu juu. Pengine kazi ya telomea ndiyo iliyokuja baadaye. Waliomkuta getini wakamwandika mlinzi. Wangemkuta kisimani wangemwandika fundi pampu.

Wengine nao wana mambo yao. TIN2, ambayo kazi yake inayojulikana ni kuwashikanisha wenzake watano kwenye ncha, mwaka 2012 ilikutwa ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Ilipopunguzwa katika seli za saratani, seli ziliacha kutegemea kuchachusha sukari, zikatumia oksijeni zaidi. Telomerasi yenyewe ina kipande cha anwani kinachoipeleka mitokondria, na seli ikiwa kwenye dhiki ya kemikali za oksijeni, baadhi yake hutoka kwenye kiini ikaelekea huko. Tankirasi, iliyogunduliwa mwaka 1998 kwa sababu ilikuwa inaibandua TRF1 kutoka kwenye telomea, baadaye ikakutwa inaamua ni lini protini iitwayo aksini iharibiwe, na kwa njia hiyo inagusa mfumo wa Wnt unaoongoza ukuaji wa viungo na, ukiharibika, saratani ya utumbo mpana.

Lakini kama ungenilazimisha nichague mmoja wa kumwalika chai, ningemwalika Ku. Huyu si wa shelterini. Aligunduliwa Japani mwaka 1981 katika damu ya mgonjwa ambaye kinga yake ilikuwa inaushambulia mwili wake mwenyewe, na jina lake ni herufi mbili za kwanza za jina la mgonjwa huyo. Kazi yake kubwa ni kushika DNA iliyokatika ili iungwe. Ni fundi wa kuunga, tena hodari. Na huyu huyu yupo kwenye telomea, mahali pekee ambapo kuunga ni maafa! TRF2 inamshikilia hapo asifanye alichozaliwa kukifanya. Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa nasuka ukili. Huwezi kusema Ku ni mwema au mbaya kwa telomea. Inategemea amesimama karibu na nani.

Usiyabebe yote kwa uzito mmoja, hata hivyo. Mengi ya niliyokuandikia yametoka kwa panya na kwa seli za kwenye chupa. Na mengine yanabishaniwa: mwaka 2009 ilidaiwa kwamba telomerasi huwasha mfumo wa Wnt moja kwa moja, maabara nyingine zikajaribu na hazikuona hivyo. Mkufunzi wako akilitaja hilo la mwisho kana kwamba limekwisha, muulize kwa heshima.

La wodini kwako ni hili. Mtoto mwenye kucha zilizoharibika, madoa meupe mdomoni, ngozi ya shingo yenye mabaka kama wavu, na damu inayopungua bila sababu unayoiona, anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi wa telomea fupi, ambapo uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza seli mpya za damu. Tangu mwaka 2008 inajulikana kwamba baadhi ya watoto hao wana kasoro kwenye jeni ya TIN2. Ni ugonjwa adimu. Huenda usiuone hadi unastaafu. Ila ukiona dalili zote nne kwa mtoto mmoja, mwandikie daktari, usiandike tu "anemia".

Na bwalo, nadhani deni hilo nalilipa kwa kukuandikia kurasa mbili.

*

*Mwalimu, sisi ni wafugaji, upande wa Kondoa karibu na pori la Swagaswaga. Ng'ombe akipata ugonjwa wa ndorobo tunamchoma sindano, anainuka, baada ya wiki kadhaa anaanguka tena, nywele zimesimama na machozi yanamtoka. Kwa kimeta chanjo ipo. Kwa ndorobo kwa nini haipo? Kijana wangu aliye sekondari anasema eti ni mambo ya telomea. Nilimcheka mbele ya watu. — Mzee wa Zizi, Kondoa*

Mzee wangu, shikamoo. Itabidi umwombe radhi mbele ya watu wale wale.

Mbung'o akimuuma ng'ombe anaingiza vimelea vya tripanosoma kwenye damu. Kimelea hiki hakijifichi ndani ya seli kama cha malaria. Kinaogelea hadharani, na kinalindwa na koti. Juu ya mwili wake mdogo kimevaa takribani protini milioni 10, zote za aina moja, zimebanana kama nyasi za paa. Kinga ya ng'ombe inajifunza sura ya koti hilo na kuanza kuua. Lakini kati ya vimelea vile wapo wachache waliokwisha kubadili koti. Hao wanabaki, wanazaana, homa inarudi, kinga inaanza kujifunza upya. Akiba ya makoti yaliyoandikwa kwenye DNA ya kimelea, mazima na vipande vya kushonea mapya, inapita 1,000. Sasa niambie utatengeneza chanjo ya koti lipi.

Telomea inaingiaje? Kwenye tripanosoma aitwaye brucei, ndugu yake aletaye malale kwa binadamu, koti linaweza kuvaliwa tu kama jeni yake imekaa mahali maalumu, na mahali hapo pako jirani kabisa na telomea. Pako kama 15, lakini kimelea kinawasha pamoja tu, pengine pote pamezimwa. Anayezima ni nani? RAP1! Ndiyo, yule yule wa barua ya muuguzi, wa ukoo wa tripanosoma. Mwaka 2009 watafiti walipoipunguza RAP1 ya kimelea, makoti yaliyokuwa yamefungiwa yakaanza kutoka mengi kwa wakati mmoja. Na telomea za kimelea huyo zimeandikwa TTAGGG, herufi zile zile sita za kwako na za kwangu, jambo ambalo lilinifanya niweke kikombe chini nilipolisoma mara ya kwanza.

Ndiyo sababu baadhi ya wataalamu wanaitazama RAP1 ya kimelea kama mahali pa kulenga dawa. Dawa hiyo bado haijafika kwenye zizi lako, kwa hiyo tuongee ya zizini. Ng'ombe kuanguka tena si lazima iwe koti. Huenda ameumwa na mbung'o mwingine, au sindano ilikuwa pungufu kwa uzito wake. Watu wengi wanakadiria uzito kwa macho, na dawa pungufu inabakiza vimelea vilivyoizoea. Mwite mtaalamu wa mifugo apime kwa utepe wa kifuani na achukue damu iangaliwe kwa hadubini kabla ya sindano ya tatu. Pia uliza juu ya dawa ya kupaka mgongoni na vitambaa vya bluu na nyeusi vyenye dawa vya kunasia mbung'o.

Mbung'o si wa milele, mzee. Unguja walikuwa nao. Madume waliofugwa na kufanywa tasa kwa mionzi huko Tanga waliachiwa kutoka kwenye ndege, majike wakajamiiana nao bila kupata watoto, na kufikia mwaka 1997 kisiwa kilikuwa hakina mbung'o tena. Kisiwa ni rahisi kuliko Kondoa, najua. Bahari haipitishi mbung'o.

*

*Mwalimu, mimi nalima zabibu Hombolo. Mashina yangu yametoka kwenye vipandikizi vya shamba la marehemu baba, na yeye alivichukua kwa mtu mwingine, ambaye naye alivichukua kwingine. Kama seli zinazeeka, kwa nini kipandikizi cha mzabibu mzee kinachipua kama mtoto? — Mkulima, Hombolo*

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na jibu lake ni fupi. Mmea nao una telomea; herufi zake ni saba, TTTAGGG, T moja zaidi ya zetu. Tofauti ni kwamba kwenye macho ya mzabibu, pale unapokata ukitafuta chipukizi, kuna seli changa ambazo telomerasi yake haijazimwa. Zinajigawa na pindo linashonwa upya. Jani likishakomaa telomerasi hupungua, na jani hata hivyo litaanguka. Ndiyo maana unapanda kipande chenye macho, hupandi jani.

Mmea unaweza kujiruhusu hivyo kwa sababu saratani haiuui kama inavyotuua sisi. Seli za mmea zimefungwa kwenye kuta zake, uvimbe hauwezi kusafiri kutoka tawi hadi mzizi. Mzabibu wa uani kwangu Kikuyu umetoka kwenye kipandikizi cha jirani, wa jirani umetoka Makutupora, na ukiufuatilia nyuma utaona ni mmea mmoja unaotembea kwa miguu ya watu. Kinachomzeesha mzabibu wako ni virusi na ukungu anaokusanya njiani. Kwa hiyo chagua shina la kukatia lenye majani yasiyojikunja, na usikate kwenye shina lililokuwa na mavuno mabaya miaka miwili mfululizo kwa kuwa tu ni la marehemu baba.

*

*Twiga ana telomea ndefu kuliko mtu?* (Kijikaratasi cha penseli, hakina jina, kimesukumwa chini ya mlango wangu.)

Urefu wa shingo hauhusiki, telomea ni fupi mno kuonekana kwa macho hata kwa twiga. Lakini nitakupa mnyama bora zaidi wa kumfikiria. Panya wa maabara ana telomea ndefu mara kadhaa kuliko zako, na anaishi miaka miwili, akibahatika mitatu. Bibi yako ana telomea fupi kuliko za panya huyo na bado anakufukuza na mwiko.

Ukirudi, gonga mlango. Na kalamu ya penseli ichonge, nimesoma swali lako kwa kulipeleka dirishani.